Redio Ije Mwisho: Mjadala wa Masikio, Waya na Antena

Wajenzi wengi wa ndege za nyumbani hununua redio kwanza, kisha wakatafuta waya, antena na hedseti kwa fedha iliyobaki. Naona mpango huo umepinduka. Redio nzuri hazijaadimika siku hizi. Kinachokosekana ndani ya ndege nyingi ndogo ni usikivu. Nimewaketisha watu wanne walibishanie jambo hili. Sikuwapa majina, kwa kuwa hoja zao utazikuta katika karibu kila banda la wajenzi. Nimewaweka Minnesota, Marekani, katika familia iliyotoka Mombasa. Ujenzi wa aina hii umeota mizizi mirefu katika nchi ile: chama cha wajenzi, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953 katika jimbo jirani la Wisconsin, na kila mwaka maelfu ya ndege hukusanyika kwenye mji wa Oshkosh.

Ndege inayojengwa ni RV-9A, muundo wa kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon: mwili wa alumini, viti viwili ubavu kwa ubavu. Baba ndiye mjenzi. Mama ni muuguzi, naye ndiye atakayekalia kiti cha pili. Binti yao ni mhandisi wa elektroniki. Babu alikuwa fundi wa redio za ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na amekuja kuwatembelea.

BABA: Mimi nimekwisha kuamua. Nataka skrini kubwa na redio isiyo na uso. Kisanduku kinafichwa nyuma ya paneli, kinaendeshwa na skrini. Nikikaribia uwanja, skrini inanionyesha masafa yake, naigusa mara moja, redio inahamia huko. Na iwe ya wati 10. Fedha itakayobaki ndiyo ya hedseti.

BABU: Skrini ikizimika angani utagusa nini, mwanangu?

BABA: Nitaweka skrini mbili, Mzee.

BABU: Zinapata umeme kwa fyuzi moja au kila moja na yake? Na redio je?

BABA: Hapo sijafika.

BABU: Basi anzia hapo.

BINTI: Babu, tumtendee haki. Redio isiyo na uso ina faida ya kweli. Rubani anayetafuta namba kwenye karatasi huku anageuka kuuelekea uwanja ameinamisha macho wakati yanapotakiwa nje. Skrini yenye orodha ya masafa inampunguzia hilo. Ninachokataa ni kuifanya iwe ya pekee. Iwepo ya pili yenye uso wake, vifundo vyake na umeme wake. Zipo za kuingia kwenye tundu la kawaida la milimita 57. Becker AR6201 inaingia nzima. Trig TY91 huingiza uso tu, mwili wake ukakaa kwingine.

BABA: Redio mbili ni gharama mara mbili.

BABU: Ya pili si lazima iwe ya kwenye paneli. Nunua ya mkononi.

Ushauri huu wa Babu ni mzuri, lakini wengi huufuata nusu. Redio ya mkononi yenye kiantena chake cha mpira, ikiwa ndani ya mwili wa bati, hutoa sauti dhaifu. Iwekewe njia ya kuungwa na antena ya nje ya ndege, kwa kiungo ambacho mkono mmoja unaweza kukifungua. Inunuliwe pia adapta ya kuiunganisha na hedseti, kwa maana kispika chake kidogo hakishindani na injini ya Lycoming iliyo mbele ya magoti yako. Vyote hivyo vijaribiwe ardhini. Redio ya akiba ambayo adapta yake imebaki nyumbani si akiba.

BINTI: Na hizo wati 10, Baba, zitakufikisha wapi?

BABA: Mbali kuliko 6.

BINTI: Si kwa kiasi unachodhani. Mawimbi ya redio za ndege, ya megahezi 118 hadi karibu 137, hayafuati mviringo wa dunia. Yanakwenda moja kwa moja mpaka upeo. Chukua kimo chako kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.23, utapata maili za baharini. Kwenye futi 1,000 ni maili 39 hivi. Kwenye futi 10,000 ni 123. Wati haziusogezi upeo huo. Kutoka wati 5 hadi 10 unaongeza desibeli 3 tu, na antena iliyofungwa vibaya inaweza kukunyang'anya zaidi ya hizo.

BABU: Pale Wilson rubani alikuwa akija na kusema redio yake imekufa. Mara nyingi redio ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kiungo cha waya wa antena, au kitufe cha kusemea, au tundu la hedseti.

MAMA: Nyinyi mnazungumzia kusema mbali. Mimi nitakayeketi ubavuni nauliza habari ya kusikia karibu. Nilipopanda ndege ya rafiki yako, baba watoto, kila nilipofungua kinywa silabi ya kwanza ililiwa. Nilimwambia "tazama kulia", akasikia "zama kulia". Baadaye nikanyamaza. Na nilichotaka kumwonyesha kilikuwa ndege nyingine.

Hapa ndipo mjadala unapoanza kwa kweli, na natamani kila mjenzi amwachie abiria wake nafasi ya kusema haya kabla ya kulipa senti moja. Abiria ni jozi ya pili ya macho. Asiposikika, macho hayo yamebebwa bure.

BINTI: Sababu yake naijua, Mama. Maikrofoni haiachwi wazi muda wote. Ingeachwa, kelele za injini zingemwagika masikioni. Intakomu, kifaa cha kuongelea ndani ya ndege, ina mlango wa sauti. Sauti ikizidi kiwango fulani mlango hufunguka, ikipungua hujifunga. Ukiwekwa mgumu unakula mwanzo wa neno. Ukiwekwa mwepesi, injini yenyewe inaufungua. Intakomu za bei ndogo zina kifundo kimoja kwa maikrofoni zote. Wewe unaongea taratibu, Baba anapaza. Kiwango kimoja hakiwafai nyote. Ichaguliwe inayopima kila maikrofoni peke yake. PS Engineering wanayo. Mfumo wao wanauita IntelliVox, nao unajirekebisha bila kifundo.

BABU: Na maikrofoni yenyewe ikae karibu na midomo, nafasi ya milimita 6 hivi. Ina matundu mbele na nyuma. Kelele inayoingia pande zote mbili kwa nguvu sawa inajifuta. Ukiiteremsha hadi kidevuni, sauti yako nayo itaingia pande zote mbili, nayo itafutwa. Halafu mtu analaumu intakomu.

BABA: Lakini redio nyingi zina intakomu ndani yake. Garmin GTR 200 inayo, hiyo Becker inayo, Trig inayo. Kwa nini ninunue nyingine?

BINTI: Ukiwa na viti viwili na redio moja, usinunue. Nyaya zinapungua, na kila kiungo unachokiondoa ni kiungo kisichoweza kulegea. Ila uliza swali moja: kisanduku hicho kikifa, nini kinabaki? Redio imekwenda, mazungumzo na Mama yamekwenda, vyote kwa pigo moja. Intakomu nzuri ya kujitegemea ikikosa umeme, swichi ndani yake huiunganisha hedseti ya rubani na redio moja kwa moja. Mama hatasikia, lakini wewe utasikia na utasikika.

BABU: Na ipewe fyuzi yake. Nimekuta redio na intakomu zimefungwa kwenye fyuzi moja ili kuokoa nafasi. Hapo hiyo swichi ya dharura haina kazi tena.

Kwa ndege hii, ambayo itakuwa na redio zaidi ya moja, nachagua intakomu ya kujitegemea bila kusita. Tena nachagua ile inayoweza kumtenga rubani: abiria aendelee na muziki wake au usingizi wake, rubani abaki na mnara peke yake wakati wa kutua. Muziki ujikate wenyewe redio inapoita. Haya yote yamo katika vifaa vya bei ya kawaida, na bado watu huyapita wakitazama ukubwa wa skrini.

MAMA: Bado sijamaliza. Umesema fedha itakayobaki ndiyo ya hedseti. Kazini kwetu tunafuata kiwango cha taasisi ya afya kazini, NIOSH. Kelele ya desibeli 85 mtu aivumilie saa 8, basi. Kila ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 94 ni saa moja tu. Ndege ya rafiki yako niliipima kwa simu, ilipita hapo. Sasa niambie, kutoka hapa mpaka kwa dada yangu ni saa ngapi?

BABA: Hata hedseti ya kawaida inakinga, mama watoto.

MAMA: Inakinga. Nataka ijulikane kiasi gani, isiwe ya makombo.

BINTI: Hedseti ya kawaida huzuia vizuri kelele nyembamba. Mvumo mzito wa injini na rafadha hupita. Hedseti yenye umeme huusikiliza mvumo huo na kutoa wimbi la kinyume chake. Historia yake inawahusu wajenzi kama sisi. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia bila kutua wala kujaza mafuta, siku tisa ndani ya Voyager, ndege iliyojengwa Mojave, California. Masikioni walivaa hedseti za majaribio za Bose. Za kuuza kwa marubani zilifuata mwaka 1989.

BABA: Na bei yake inazidi dola 1,000 kwa moja.

MAMA: Punguza skrini moja.

Sitamwokoa Baba katika hili. Skrini itapitwa na wakati, mpya itatoka, ile ya zamani itauzwa. Seli za sikio zilizokufa hazina soko la kununulia nyingine. Mwenye fedha ya kitu kimoja kizuri tu ndani ya chumba cha rubani, aiweke kwenye masikio mawili ya rubani na mawili ya aliye pembeni yake.

BABU: Nikubaliane na mama, kisha nishuke kwenye nyaya, maana huko ndiko ndege hizi zinakoharibikia. Mjukuu wangu, tundu za hedseti utazifungaje?

BINTI: Kwa washa za faiba, zisiguse bati.

BABU: Ahsante. Tundu ikigusa mwili wa ndege, umeme wa sauti unapata njia mbili za kurudi: waya wake na bati zima. Na kwenye bati lile inarudi mikondo ya taa, ya pampu, ya kila kitu. Sauti inachukua uchafu wote huo. Waya wa maikrofoni uwe na kinga, na kinga ifungwe upande mmoja tu, upande wa intakomu. Hasi za redio na intakomu zikutane mahali pamoja. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, hiyo ni altaneta. Ukisikia mdundo unaofuata taa za kumetameta za mabawani, hizo ni taa. Watu wanakimbilia kununua vichujio. Washa ile ni senti chache!

BABA: Mimi nitanunua fungu la nyaya lililokwisha kufungwa na wataalamu.

BINTI: Nunua, sina neno. Ila michoro yake ibaki ndani ya ndege, na kila waya uandikwe namba ncha zote mbili.

BABU: Mimi ningefunga mwenyewe, kwa solda.

BINTI: Solda hapana, Babu. Inapanda ndani ya nyuzi za waya, inazifanya ngumu, na mtetemo unazikata pale solda inapoishia. Pini za kubana kwa koleo lake maalumu zinastahimili zaidi.

BABU: Solda zangu zimeruka miaka mingi, mjukuu wangu.

BINTI: Kwa kuwa wewe ulizishikiza nyaya zisitikisike. Baba hatazishikiza hivyo.

Wote wawili wana haki, na hawatapatana. Solda iliyoshikizwa vizuri hudumu. Pini iliyobanwa kwa koleo la kubahatisha huchomoka. Kwa mtu anayejenga ndege yake ya kwanza, koleo sahihi ni mwalimu mpole zaidi kuliko kichomeo.

Kuhusu antena maneno ni machache, kwa sababu RV-9A ni ya alumini na alumini inasaidia. Kwenye megahezi 127 robo ya wimbi ni sentimita 59, na antena ya urefu huo huhitaji uwanda wa chuma chini yake ili itoe sauti vizuri. Tumbo la ndege ni uwanda huo. Chini ya kitako cha antena rangi ikwanguliwe mpaka bati, na bati la pili liwekwe ndani kuongeza nguvu, maana upepo huitikisa antena ile muda wote. Waya wake uwe RG-400, wenye kinga mbili na unaostahimili moto. RG-58 ya kawaida ina ganda la plastiki ambalo likiungua hujaza chumba moshi wa sumu. Anayejenga kwa faibaglasi ana neema nyingine: anaweza kubandika antena ya utepe wa shaba ndani ya mwili, isionekane. Mwenye mwili wa kaboni asijaribu, kaboni inazuia mawimbi.

BABA: Na zile chaneli za kilohezi 8.33?

BINTI: Ulaya ni lazima. Waliigawa kila chaneli ya kilohezi 25 mara tatu, zikatoka 760 kuwa 2,280. Hapa Marekani redio ya kilohezi 25 inakutosha. Kwa safari za kuvuka kwenda Kanada utahitaji vibali vya redio vya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, cha ndege na cha kwako, ingawa ukiruka humu ndani hudaiwi.

BABU: Mwanangu, kwani redio hii unaitakia nini hasa?

BABA: Niende Oshkosh.

BABU: Oshkosh! Hivi hujasoma maelekezo yao? Ndege zinapofika juu ya kijiji cha Fisk, waongozaji wamesimama chini wanazitazama kwa macho. Wanaita kwa rangi na umbo: nyeupe yenye bawa la chini, tikisa mabawa. Unatikisa. Hawataki uwajibu. Wati zako 10 zinalala, masikio yako ndiyo yanayofanya kazi.

BABA: Kwa hesabu hiyo nisiwe na redio kabisa. Beryl Markham, rubani aliyekulia kwetu Kenya, mwaka 1936 alivuka Atlantiki kutoka Uingereza mpaka Nova Scotia peke yake bila redio.

BINTI: Juu ya bahari tupu, Baba, usiku ambao hakukuwa na mtu wa kugongana naye. Sisi tuko karibu na Minneapolis, na anga ile huingii bila kuzungumza na waongozaji.

BABU: Hata hivyo jifunze taa za mnara. Redio ikifa kabisa, weka 7600 kwenye transponda, uzunguke uwanja, utazame mnara. Kijani isiyomweka: tua. Nyekundu isiyomweka: mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayomweka: uwanja si salama, usitue. Watu walioziandika sheria hizi walijua redio hufa.

MAMA: Nimebakiwa na dai moja. Nataka kitufe cha kusemea upande wangu.

BABA: Hapana. Goti au mkoba ukikiegemea, tutaziba masafa kwa kila mtu bila kujua.

BABU: Hofu hiyo ina msingi, mama. Redio za ndege hutumia mfumo wa AM, na wawili wakisema pamoja kinachosikika ni mlio tu. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, mnara ulimwambia rubani wa KLM asubiri, na wakati huohuo Pan Am wakasema bado wako njiani. Sauti mbili zikapandana. Ndani ya KLM kikasikika kipande kidogo na mlio mkali. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583.

MAMA: Naiheshimu hofu hiyo. Sasa nijibu, baba watoto. Una miaka hamsini na kitu, na sukari yako naijua mimi. Ukizimia kwenye futi 5,000, nani atabonyeza?

BINTI: Tunaweza kuweka swichi kwenye paneli ya kukizima kitufe cha Mama.

BABU: Siku itakapohitajika swichi itakuwa imezimwa. Usiweke.

MAMA: Iko kozi ya abiria, ile ya AOPA, chama cha marubani na wamiliki wa ndege. Nitaisoma.

Namuunga mkono Mama, na Babu kuhusu swichi. Kitufe kikae kwenye usukani wa mkono wa kulia, kimezama ndani ya mpini ili goti lisikifikie. Redio ichaguliwe inayowasha alama inapotuma na inayojikata yenyewe kitufe kikinasa. Karibu na kitufe iandikwe 121.5, masafa ya dharura, kwa herufi ambazo mtu mwenye hofu anaweza kuzisoma.

BABA: Haya. Kiwepo. Lakini tutakijaribu vipi? Uwanja wetu hauna mnara.

BABU: Injini iwashwe, iongezwe nguvu, magurudumu yamezuiwa. Mimi nitakuwa mwisho wa njia na redio ya mkononi. Sheria hainiruhusu kusema nayo nikiwa ardhini bila leseni, kusikiliza naruhusiwa. Mama ataita kwanza, wewe utafuata. Silabi ya kwanza ya mmoja wenu ikipotea, nashusha mkono, mnazima, tunafungua paneli upya.